Dada, Sina Mshipa

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, sukari imetulia na miguu haivimbi tena kama ulivyokuwa ukilalamika. Natumaini Chiriku wetu naye anaendelea vizuri, ingawa najua zile siku za kutoka kusafishwa damu hata yeye, binti aliyepata jina hilo kwa kutofunga mdomo tangu utotoni, hunyamaza. Huku tuko salama. Wifi yako anakusalimu sana na anasema usimhukumu kwa makosa ya mumewe. Mimi pia ni mzima. Nimeliandika neno hilo, nikalitazama, na bado linanistaajabisha. Mbele utaona kwa nini.

Kabla ya yote, ahsante kwa dawa ya kuchua. Dereva wa lori aliifikisha bila kumwaga hata tone. Niliifungua, nikainusa, machozi yakanitoka, na paka wa jirani akahama. Lakini dada yangu, keti kwanza nikwambie: sina mshipa. Sijawahi kuwa nao. Kila kitu changu kiko mahali pake. Nisamehe kwa kukuandikia wewe, dada mtu, maneno kama haya, lakini umenilazimisha.

Na yale uliyoandika kwenye karatasi iliyofunga chupa nimeyasoma. Kwamba mwanamume mzima anajificha nyuma ya mshipa wakati mtoto wa dada yake ananyauka. Kwamba kama nimeogopa, niseme nimeogopa. Uliandika kwa hasira, na haki ulikuwa nayo. Sukari ilikukatalia wewe kumpa mwanao figo, damu ya baba yake haikulingana, nikasimama mimi mjomba nikaahidi mbele ya Chiriku mwenyewe. Nikapimwa damu, ikakubali, tukashangilia kama tumeoza binti. Halafu nikaingia mitini. Ungefikiri nini kingine? Sasa simu zangu hupokei, na hata ungepokea, haya si mambo ya kusemea kwenye simu inayokatika. Ndiyo maana leo nimefunga karakana mapema, nimefuta risasi ya kulehemu na vumbi kwenye meza ya rejeta, nikaketi niandike.

Mambo yalianza hivi. Hospitali walisema damu peke yake haitoshi, lazima wayaone mafigo yangu yote mawili kwa picha, ili wajue lipi la kumpa Chiriku na lipi la kuniachia. Nikaenda. Wakanichoma dawa ya kung'arisha mishipa, mwili mzima ukapata joto mpaka nikadhani nimejikojolea, wakanisukuma ndani ya tundu la mashine. Nilipotoka niliwatania wauguzi kwamba hata rejeta za malori sizipimi kwa heshima namna ile. Mimi nazizamisha kwenye pipa la maji, napuliza hewa, natazama mapovu yanatokea wapi. Walicheka wote isipokuwa yule aliyekuwa akitazama picha. Yeye aliendelea kutazama.

Daktari wa figo, ambaye wagonjwa wanamwita Polepole kwa jinsi anavyosema, aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Alinieleza kwamba figo langu la kulia ni safi kabisa. La kushoto, ambalo ndilo walipanga kumpa Chiriku, lina uvimbe ndani, kiasi cha yai la njiwa, na uvimbe wenyewe umejaa mishipa ya damu. Akasema uvimbe wa figo wenye damu nyingi namna hiyo mara nyingi huwa ni saratani. Akasema pia, kwa sauti ya kuonea huruma, kwamba habari ya kumpa Chiriku figo imefungwa kuanzia siku ile, na nisiifikirie tena, nifikirie roho yangu.

Sasa sikia mshipa ulikotokea. Nilirudi karakana kichwa kinaniwanga. Wifi yako akapiga simu kuuliza majibu. Jirani yangu, fundi betri, alikuwa amewasha lile jenereta lake, kwa hiyo ilibidi nipige kelele. Neno saratani halikunitoka, dada. Nikapaza sauti nikasema wameona mishipa, jamani, ni uvimbe wa mishipa! Na hapo hapo, kama aliyeagizwa, fundi betri akazima jenereta. Mtaa mzima ukanisikia. Unajua mwanamume akitaja mishipa, hakuna anayewaza damu. Wote wanatazama suruali. Kabla jua halijazama fundi betri alikuja na uso wa msiba, akaninong'oneza kwamba marehemu baba yake alikuwa nao na aliongeza mke wa pili nao hivyo hivyo, nisikate tamaa. Muuza chai akaniletea kigoda chenye mto. Wateja wakaanza kujibebea rejeta wenyewe huku wakinitazama ninavyotembea, na mimi, haki ya Mungu, kwa kutazamwa tu nikaanza kutembea vibaya. Sijui nani aliyekufikishia wewe. Habari ilifika kwako kabla yangu.

Nami nikaiacha ifike. Nilijiuliza nitakwambiaje kwamba figo la mwanao limekwenda, na pengine ndugu yako naye anakwenda nalo, yote kwa simu moja. Sikuweza. Nikaona afadhali unitukane kuliko unililie.

Daktari wa upasuaji alitaka nipasuliwe upesi, figo zima litolewe pamoja na uvimbe wake, likatupwe. Polepole akasita. Alisema hakuridhika na jinsi ile dawa ya kung'arisha ilivyoingia kwenye uvimbe. Ilianzia pembeni ikajaa taratibu kuelekea katikati, na saratani nyingi alizoziona hazina subira hiyo. Yeye alitaka kwanza nichomwe sindano ndefu, wachukue vipande vidogo vya nyama wakavitazame. Mwenzake akajibu kwamba kuchoma sindano kwenye kitu kilichojaa damu ni kutafuta balaa. Walibishana mbele yangu kwa adabu, kila mmoja na ukweli wake, halafu wote wawili wakanigeukia mimi! Mimi fundi rejeta! Nikachagua sindano. Usinisifu. Niliogopa kisu.

Na balaa lilikuja kweli. Baada ya sindano nilikwenda haja ndogo, nikatoa damu tupu, nyekundu ya kutisha, na ubavu wa kushoto ukauma mpaka nikaona nyota mchana kweupe. Wakanirudisha kitandani, wakanitundikia maji, wakawa wanakuja kunipima kila mara. Wifi yako alikaa kwenye kiti cha chuma akashika kidole changu gumba, hicho tu, kana kwamba mkono mzima ungekuwa mzito kwangu. Hakulia. Alikuwa akiniuliza habari za rejeta: ya nani imekwisha, ya nani bado. Nikawa namjibu. Kesho yake mkojo ukaanza kusafika wenyewe, na daktari wa upasuaji akapita, akachungulia chupa ya mkojo, akakubali kwa kichwa bila kunikumbusha kwamba alituonya. Ni muungwana yule.

Tukangoja majibu. Wiki ya kwanza wakasema bado. Ya pili wakasema vipande vimepelekwa kwa mtu mwingine akavione. Dada, mtu akikwambia nyama yako imepelekwa kwa mtu mwingine, chakula hakipiti. Nilipungua mpaka mkanda ukaongezwa tundu, na fundi betri akawaambia watu kwamba mshipa ukipanda juu ndivyo unavyokuwa.

Ndipo Polepole akaniita akaniambia kuna mtu anataka kuniona. Akanishusha ngazi mpaka chini kabisa ya jengo, tukapita ukumbi ambako wagonjwa hawafiki, tukaingia chumba chenye harufu ya dawa inayowasha pua, makabati ya droo nyembamba ukuta mzima, na meza ndefu yenye darubini. Alikuwapo mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, kikombe cha chai kimempoa pembeni. Ndiye daktari anayesoma vipande vya nyama za watu. Alinisalimu kwa mikono miwili. Alisema kazi yake haimkutanishi na wagonjwa, yeye hukutana na vipande vyao tu, lakini safari hii alitamani kumwona mwenyewe. Nikajua nimekwisha, kwa sababu nani anatamani kumwona mtu mwenye habari njema?

Akaniwahi. Alisema si saratani. Alilirudia, halafu akanivutia kiti kwa sababu nilikuwa nimeshika kabati.

Alinieleza kwamba hata yeye mara ya kwanza alishtuka, maana ipo saratani mbaya ya mishipa inayofanana na kitu hiki kama mtu na pacha wake, na asingethubutu kusema neno mpaka mwalimu wake wa zamani naye atazame. Mwalimu akajibu kama alivyodhani yeye. Ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu iliyojijenga yenyewe ndani ya figo. Hauna ubaya, hausambai, hauli mwili. Mtu anaweza kuzeeka nao asijue. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ameusoma vitabuni, na kwa macho yake alikuwa ameuona mara moja tu kabla ya huu wangu. Alisema pia jambo lililonishtua: wengi waliokutwa nao ni watu ambao mafigo yao yamechoka, watu wa kusafishwa damu kama Chiriku. Nikamwambia basi uvimbe huu ulikosea nyumba. Alicheka, lakini Polepole hakucheka, aliinamisha kichwa.

Halafu akaniuliza kama nataka kuuona. Darubini yake ina mahali pa macho ya watu wawili. Nikavua kofia, sijui kwa nini, nikainama.

Dada, nitakwambiaje? Mwanzoni niliona rangi tu, waridi na zambarau. Kisha macho yakazoea, na nikaona vijia. Maelfu kwa maelfu ya vijia vidogo, kila kimoja kimefunguka ndani ya jirani yake, nacho ndani ya jirani yake, hakuna mwanzo wala mwisho. Mimi nimefungua rejeta maisha yangu yote, najua bomba dogo ni kitu gani. Lakini kwenye rejeta bomba linatoka juu linakwenda chini na kila moja lina kwao. Haya yalikuwa yameshikana mikono yote. Mama yule akaniambia nitazame kuta zake, na nikaona kila ukuta umejengwa kwa chembe moja moja zilizopangwa mstari mmoja, hakuna iliyompanda mwenzake, hakuna iliyosukuma. Alisema huo utulivu ndio uliomwambia kwamba si saratani; saratani haijui kupanga foleni. Na ndani ya vijia ilikuwamo damu yangu. Ile ile niliyodhani nitakufa kwa kuimwaga, imekaa humo, vidoa vyekundu vya duara, vingi kuliko nyota.

Nikauliza ni nani aliyeliambia figo lijenge kitu kama hicho. Akasema hajui. Akasema bandama ina mapito yanayofanana na hayo, na ni kana kwamba figo langu lilikaa likaamua kujitengenezea kibandama kidogo, lakini nani alilituma na kwa kazi gani, hakuna ajuaye, si yeye wala mwalimu wake. Hakuona haya kusema hajui. Alisema huku bado macho yake yako kwenye darubini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye mahali pa ibada. Tulikaa hivyo, yeye na mimi, vichwa vinakaribia kugusana, tunatazama. Miaka yote hiyo, nalala, naamka, napiga nyundo, naongea upuuzi na fundi betri, na humu ndani mafundi nisiowajua wanajenga kimya kimya, safi, bila makosa, wala hawajaniomba ruhusa. Mungu wangu! Nililia, dada. Nilimlowanishia darubini yake, akaifuta kwa pembe ya koti lake.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Siku ile Polepole aliponiambia kwamba nina uvimbe na kwamba habari ya kumpa Chiriku imefungwa, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa hofu ya saratani. Hofu ilikuja baadaye. Cha kwanza kilikuwa nafuu. Nilipumua. Nilijisikia kama mtu aliyeitwa akaambiwa rudi, si wewe. Nilimpenda Chiriku na nikapumua. Sijamwambia mtu yeyote ila wewe, na sikuombi uniambie si kitu.

Na pale kwenye chumba cha darubini ningeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa umefungwa na madaktari wenyewe. Hakuna ambaye angenilaumu, wewe ungesikia kwamba nina kitu cha ajabu kwenye figo na ungenipa pole. Nilikuwa mzima, na mafigo yangu mawili. Lakini nilikuwa nimetoka kuona jinsi mwili unavyojenga bila kubania, na nikaona haya kubania. Nikainua uso nikamuuliza Polepole: hili figo la kushoto, kama uvimbe hauna ubaya, si mnaweza kulitoa, mkaukata uvimbe pembeni, mkaliziba, mkampa Chiriku?

Walitazamana. Polepole alivua miwani, akaivaa, akasema kwamba amewahi kusoma kuhusu watu waliofanya hivyo sehemu nyingine, figo likatengenezwa juu ya barafu likafanya kazi vizuri kwa mwenye kulipokea, lakini hapa halijafanyika. Alisema atauliza. Wakakaa wao kwa wao, wakaniita tena pamoja na wifi yako, wakaita na mtu wa kuhakikisha kwamba hakuna aliyenisukuma. Daktari wa upasuaji, yule yule wa kisu, ndiye aliyesema anaweza. Wamekubali, dada.

Wamekubali kwa masharti, nami nakuandikia yote bila kuficha. Siku ya kazi watalitoa figo, wataukata uvimbe wote, na yule mama wa darubini atakuwapo kuutazama kabla figo halijaingia kwa Chiriku, kwa sababu sindano huchukua kidogo tu na haioni kila pembe. Akikuta chochote asichokipenda, figo litatupwa, Chiriku aliyekwisha kupasuliwa atashonwa, na mimi nitabaki na moja bila ya yeye kupata kitu. Nimeulizwa kama nimeelewa hilo. Nimeelewa. Akiridhika, watalishona na kulitia, lakini linaweza kuvuja pale kwenye mshono, au mwili wa Chiriku ukalikataa kama unavyoweza kulikataa figo la mtu yeyote. Na sharti kubwa ni hili: Chiriku mwenyewe aambiwe kila kitu, kwamba ni figo lililokuwa na uvimbe, na lina kiraka, na aseme kwa mdomo wake kama analitaka.

Kwa hiyo dada, nakuomba. Msomee barua hii yote, hata pale nilipopumua. Hasa pale. Asije akalipokea akidhani mjomba wake ni shujaa. Na asione haya kukataa. Ni haki yake kutaka figo lisilo na doa, na akikataa mimi ni mjomba wake vile vile. Akikubali, Polepole anataka aje afanyiwe vipimo mwezi huu, na dereva wa lori amesema atawapisha viti vyake vya mbele ninyi wawili, nyuma atabeba chochote.

Nisalimie shemeji, na nisalimie mwanangu Chiriku kwa mapenzi yote. Tunza miguu yako. Nakuombea amani ya moyo, nami nangoja neno lako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi.

Nilikuwa nimeshaikunja barua. Wifi yako ameikunjua akaisoma hadi mwisho, akanirudishia kalamu, akasema nimeandika kurasa zote hizi na bado sijajibu ulichoniuliza kwenye ile karatasi. Ni kweli. Uliniambia kama nimeogopa, niseme. Naogopa, dada. Naogopa sana. Njooni.